Vigelegele vya Mama Filbert

"Mama Evaristo," alisema Dominika kwa mara ya pili, safari hii kwa sauti ya kumwambia kiziwi.

Msichana aliyesimama kwenye geti la uwanja alitikisa kichwa. Alivaa kofia nyekundu yenye mdomo mrefu na shingoni alining'iniza filimbi. "Hatuna Evaristo hapa kambini, mama. Labda umepotea. Mpira wa miguu wanacheza kule ng'ambo ya reli."

"Sijapotea. Nimekuja kwa mwanangu."

"Ndiyo, mwanao Evaristo. Ndiyo nakwambia hayupo."

Hapo Dominika akaliona kosa lake, akacheka peke yake. Tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza, kijijini kwao Kilema hakuna aliyemwita jina lingine. Mama Evaristo sokoni, Mama Evaristo jumuiyani, Mama Evaristo hata kwa daktari wa ng'ombe. Na Evaristo mwenyewe yuko Mwanza anauza vipuri vya pikipiki, ana kitambi na watoto, na uwanja huu hajawahi kuuota. Aliyemleta hapa ni mwingine kabisa.

"Filbert," alisema. "Mimi ni mama yake Filbert."

"Weee! Mama Filbert!" Msichana alilifungua geti lote, utadhani lori linaingia. "Shikamoo mama! Mbona hukusema? Mimi Brenda, tunacheza wote. Karibu, pita, kaa mbele kabisa. Leo ndiyo leo!"

Mama Filbert. Jina lilimbana kama kiatu cha kuazima. Alilijaribu kimoyomoyo huku akitafuta pa kukaa, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu hotpoti ya kiburu cha ndizi na maharage aliyokuwa ameiamkia alfajiri, kabla hata ya kukamua. Kwa nini aliamka kupika kwa ajili ya jambo alilokuja kulikataa, hilo msimuulize. 

Uwanja wenyewe, kusema ukweli, haukuwa na sura ya uwanja. Dominika anaujua uwanja. Pale parokiani upo: pande nne, magoli mawili, mbuzi katikati. Huu ulianzia kwenye kona. Mistari miwili ya chokaa ilitoka pale kwenye kona mbele ya wavu wa waya, kila mmoja ukashika njia yake, ukaishia mbali huko kwenye magugu karibu na miwa. Magoli hakuna. Kulikuwa na vimifuko vyeupe vimetupwa chini mbali mbali, na katikati kichuguu cha udongo, na juu ya kichuguu kijana amesimama kama anayesubiri kutangaziwa jambo. Kilema mtu akikupimia kihamba, shamba la ukoo, namna hii, mnafika barazani kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

"Nani aliupima huu?" alimuuliza mwanamume aliyekaa kwenye ubao wa mbele.

Mwanamume huyo aligeuka kwa furaha ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye buti za kazi zilizoshika majivu ya miwa, na kichwani kofia ya bluu mpya kabisa. "Uwanja wa besiboli ndivyo ulivyo duniani kote, mama. Hata Marekani. Karibu ukae. Vedastus naitwa, kwetu Bukoba, ila mkate wangu uko hapo chini kwenye miwa. Wewe ni mama nani?"

"Mama Eva..." Alijizuia. "Mama Filbert."

"Filbert! Yule mwenye mbio! Mimi ni Baba Wilson. Wilson yule pale juu ya kichuguu, ndiye mrushaji." Alisema mrushaji kama watu wengine wanavyosema mheshimiwa. "Sijakosa mazoezi hata siku moja, nikitoka zamu nakuja hapa moja kwa moja. Kisichoeleweka uniulize mimi."

Dominika alishusha pumzi, akakaa. Jua la Februari lilikuwa limeinama kabisa juu ya Moshi, mlima umejifunika mawingu yake, hauonekani hata ukucha. Huku chini joto ni la kuivisha ndizi. Alivua koti, akalikunja, akaingiza mkono mfukoni mwa koti kutafuta rozari. Ilikuwepo. Aliishika, lakini hakujua aombe nini, akaomba Salamu Maria moja bila nia, akimwachia mwenyewe Bikira aipangie.

Jambo lilikuwa hivi. Wiki iliyopita, jioni, Filbert alikuwa zizini anakatakata mgomba wa ng'ombe. Hakugeuka. Alisema huku panga likiendelea kushuka, "Mama, Mwalimu Eliona anachagua vijana wa kwenda Japani. Kuna shule ya huko inawachukua, unasoma na unacheza. Ni miaka, mama, siyo miezi. Anataka kila mzazi aje aone mechi ya mwisho ya kambi kabla masika haijaanza, halafu atoe neno lake. Ukisema hapana, siendi. Na sitanuna."

Hilo la kutonuna ndilo lililomuudhi. Angenuna, angebamiza mlango, angemwita mshamba, Dominika angejua la kujibu, maana kwa kujibu hajambo. Lakini mtoto amekuwekea panga mkononi kwa upole namna ile, utamfanya nini?

Kwao mambo haya yana utaratibu wake. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu yake, wa kati hujitafutia, lakini wa mwisho haulizi wala haulizwi: nyumba ya mama ni yake, migomba inayoizunguka ni yake, na mama mwenyewe pamoja na magoti yake mabovu ni wake. Filbert ndiye kifunga mimba. Baba yake amelala nyuma ya nyumba, katikati ya migomba ya mchare, na Filbert ndiye anayepalilia pale. Akiondoka, Dominika atabaki na nani? Na ng'ombe? Alitaka aseme hapana. Lakini alitaka aiseme kwa haki, baada ya kuuona huo mchezo kwa macho yake na kuhakikisha kwamba ni upuuzi. Hiyo ndiyo shida iliyomleta.

"Wale wa kofia nyekundu wanapiga," Vedastus alieleza. "Wale wa bluu wanakamata. Wa bluu wakishaua watatu, wanabadilishana."

"Wakishaua?"

"Kuua kimchezo, mama. Kumtoa."

"Na hawa wekundu wametoka wapi?"

"Hapa hapa kambini. Wote ni timu moja."

"Kwa hiyo wanashindana wao kwa wao. Na akishinda nani?"

"Leo hashindi mtu. Mwalimu Eliona anaangalia mmoja mmoja tu." Alimwonyesha mwanamke mfupi, mnene, aliyefunga kilemba na kuvaa raba, amesimama kando ya kifuko kimojawapo mikono kiunoni. "Akishaangalia, anachagua."

Mchezo usio na mshindi. Dominika alikaribia kufurahi. Hii ilikuwa sababu nzuri kabisa. Aliiweka akiba.

Ikaja zamu ya Filbert. Alitoka chini ya banda la bati na gongo mkononi, akatembea hadi kwenye ile kona, karibu kabisa na mama yake, kiasi kwamba bila ule wavu angeweza kumpangusa pua. Alimwona. Akatabasamu kidogo, midomo imekauka. Kisha akapanua miguu, akainua gongo juu ya bega, na Dominika akashtuka kwa sababu alimjua. Alikuwa amesimama vile vile anavyosimama kupasua shina la mgomba: uzito kwenye mguu wa nyuma, kiwiko juu, pumzi imeshikwa. Kumbe ndiko alikojifunzia! Kumbe huko zizini jioni zote zile, yeye akidhani kijana anamlishia ng'ombe!

Wilson akarusha. Filbert akapiga hewa. Wilson akarusha tena, Filbert akapiga hewa tena. Mara ya tatu gongo lilizunguka likamzungusha na yeye mwenyewe, na mwamuzi aliyevaa kinyago akapayuka kitu, na Filbert akarudi bandani ameinamisha kichwa.

"Amekufa," alisema Vedastus kwa heshima, lakini macho yalikuwa yakimwangalia Wilson, yamejaa asali.

"Ndiyo basi? Amemaliza?"

"Kwa sasa."

Dominika alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kitamu, akakijua ni nini, akaona haya. Mwanamke gani anafurahi mwanawe akipiga hewa mbele ya watu? Alijipiga kofi dogo la pajani. Kisha akatamani apate zamu nyingine, apige kweli, awanyamazishe hawa. Kisha akakumbuka akipiga itakuwaje, akatamani tena asipige. Kichwa kilianza kumuuma.

Muda mrefu ukapita bila jambo lolote, na hiyo ndiyo iliyomchosha kupita yote. Watu walisimama. Walitema mate. Walishika pua, wakashika kofia, wakashika goti, na Vedastus akasema hizo ni ishara, wanaongea. "Wanaongea nini?" Vedastus alikohoa, akasema ni siri. Ilionekana wazi hata yeye hajui. Mpira ukiruka nje ya mstari, watu hawajali; ukiruka ndani, wanakimbia kama nyumba inaungua. Mmoja aliupiga juu sana, mbali sana, mpigo wa kupendeza, Dominika akapiga makofi, na Vedastus akamshika mkono: huyo amekufa, umedakwa. Mwingine aliupiga vibaya, ukajiviringisha kama ndimu iliyoanguka kapuni, na huyo akashangiliwa. Hapo Dominika akakata shauri kutopiga makofi tena mpaka apewe ruhusa.

Filbert akaja mara ya pili. Akapanua miguu, akainua kiwiko. Wilson alikuwa amechoka sasa, jasho linamwingia machoni. Akarusha, na mpira ukaja moja kwa moja ukampiga Filbert mbavuni, ukatoa sauti ambayo Dominika aliisikia tumboni mwake mwenyewe.

"Yesu na Maria!" Alikuwa tayari amesimama, vidole vimeshika wavu. "Wewe kijana! Wewe wa juu ya kichuguu! Unamwona mwenzako amesimama unamlenga? Umetumwa? Mama yako yuko wapi nikamwambie?"

"Mama yake yuko kazini," Vedastus alisema kwa sauti ndogo. "Ni wangu huyo, Mama Filbert. Imemponyoka tu."

Dominika alikaa chini taratibu. Zamani, alipokuwa msichana, alicheza rede mpaka magoti yakachubuka: wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati wanakwepa, na mpira ukikugusa umekufa, unatoka, hakuna rufaa. Basi safari hii alielewa bila kuambiwa. Mpira umemgusa, amekufa, kwisha habari. Lakini Filbert hakutoka. Alijipapasa mbavu, akatupa gongo chini, akaenda kwa mwendo wa harusini hadi kwenye kifuko cha kwanza, akasimama juu yake huku wenzake wanampongeza.

"Mbona hafi?"

"Akipigwa hafi. Anapewa besi ya bure, hicho kifuko."

"Akikosa mpira anakufa, na mpira ukimpata anapewa zawadi?"

"Ndiyo hivyo."

"Baba Wilson, huu mchezo aliutunga nani, alikuwa mzima?"

Vedastus alicheka, lakini hakucheka sana. Alikuwa anamwangalia mwanawe kule kichuguuni, ambaye sasa alikuwa akiupangusa mpira kwenye suruali, akiupangusa na kuupangusa. Baba alivua ile kofia mpya, akaivaa tena. "Tulia, Wilson," alinong'ona. "Tulia, baba."

Wilson akajikunja kurusha. Na papo hapo, bila mtu kumwambia, bila mpira kupigwa, Filbert akachomoka. Aliacha kifuko chake akakimbilia cha pili, kichwa mbele, mikono inakata, na uwanja wote ukalipuka.

"Ameiba!" Vedastus aliruka juu, uso umemkunjamana kama aliyeng'atwa. "Ameiba! Filbert ameiba!"

Damu ilimwisha Dominika usoni. "Ameiba nini?"

"Ameiba besi! Mbele ya macho ya Wilson! Jamani, ameiba kweupe!"

Mwanawe! Filbert, ambaye hajawahi kuokota parachichi la jirani hata likianguka upande wao! Huko Kilema neno hilo halisemwi kwa kupiga kelele hivi hivi. Likisemwa, watu hutoka na fimbo. Dominika aliangalia huku na huku. Kila mtu alikuwa amesimama, kila mtu anaonyesha kidole kwa Filbert, Brenda wa getini anapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Na Filbert kule, amesimama juu ya kifuko kisicho chake, amepauka kwa vumbi, hata haya hana.

Hakupata muda wa kuuliza zaidi. Mpigaji mwingine aliugonga mpira ukaenda mbali kule kwenye magugu, na watoto wa kofia za bluu wakaukimbilia. Filbert akakimbia tena. Alikuja kwenye kifuko cha tatu, pale alipokuwa amesimama Mwalimu Eliona, na Dominika akamwona mwalimu akiinua mkono, akiuzungusha, akiuzungusha kwa ukali, kisha akinyoosha kidole kuelekea huku kwenye wavu, huku kwa mama yake.

"Nyumbani!" alipaza sauti mwalimu. "Nyumbani, Filbert! Nenda nyumbani!"

Na wale wa bluu nao, koo zimetanuka: "Nyumbani! Nyumbani!"

Uwanja wote. Wekundu, bluu, wazazi, wauza karanga. "Nyumbani! Nyumbani!"

Dominika akaelewa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie getini, alielewa kila kitu. Mtoto ameiba, mwalimu ameona, mwalimu amemfukuza. Nenda nyumbani. Hakuna Japani, hakuna neno la mzazi, hakuna mtu wa kumlaumu yeye. Mwanawe anarudishwa kwa migomba yake, na kesho asubuhi atakuwa zizini. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, haikumwomba ruhusa. Alinyakua kikapu, akakiinua juu ya kichwa, akafungua kinywa, na vigelegele vikatoka, virefu, vikali, vya kumpokea bibi harusi, ulimi ukigonga huku na huku kama haujawahi kuzeeka. Filbert alikuja akiwa ameinua uso kumtazama. Alikuja moja kwa moja kwake, akajitupa chini kwa kifua, akateleza ndani ya wingu la vumbi, na mkono wake ukagusa kibao cheupe kilichofukiwa pale kwenye kona kabla mpira haujafika.

Mwamuzi akafungua mikono yote miwili. Watu wakapagawa. Akina mama wa nyuma wakaudaka wimbo wa Dominika, vigelegele vikapokewa ubao kwa ubao, na mtu akamkumbatia kwa nyuma.

"Twende," Dominika alimwambia Filbert kupitia wavu. "Jipanguse twende. Nimekuletea kiburu."

Lakini Filbert alikuwa amebebwa juu juu na wenzake, hakusikia.

"Bao," alisema Vedastus. Alikuwa ameketi. "Bao safi, Mama Filbert. Sina la kusema."

"Bao gani? Si wamemfukuza?"

"Wamfukuze kwa lipi?"

"Si ameiba. Si mmesema nyote aende nyumbani."

 Vedastus akamweleza polepole, bila yale majivuno ya mwanzo, akionyesha kwa kidole. Kile kibao cheupe, pale ulipoanza mstari, pale mpigaji anaposimama, ndicho kinachoitwa nyumbani. Mchezo wote ni huo: unatoka nyumbani, unazunguka, unarudi nyumbani. Mwalimu Eliona ndiye aliyewapa watoto maneno ya Kiswahili. Kuiba besi, yaani kuwahi kifuko cha mbele kabla mpira haujapigwa, ni ujanja, tena ni ujanja mkubwa, wanaoujua ni wachache. "Kama kuna mmoja wa kwenda leo," alisema, "ni huyo wako. Ulivyopiga vigelegele nilidhani umeelewa kuliko mimi."

 Dominika alikiteremsha kikapu magotini akakishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo kilichomfurahisha hakikuwepo. Na kile alichokifurahia, amekifurahia mbele ya watu wote, kwa sauti ya juu, na sasa anajua kabisa yeye ni mama wa namna gani. Alitamani ardhi ya Moshi ifunguke immeze na hotpoti yake.

Mechi iliisha bila yeye kujua imeisha. Watu walisimama tu, wakapeana mikono. Vijana walipangwa mbele ya banda, na Mwalimu Eliona akataja majina, polepole, akimtazama kila mmoja usoni. Brenda alitajwa akaangua kilio. Filbert alitajwa. Vedastus alikuwa ameegemea mbele, midomo ikilifuata kila jina kabla halijaisha, na majina yakaisha, na Wilson alikuwa bado amesimama nyuma na glovu yake mkononi.

"Mwaka kesho," Dominika alisema. Hakujua kama kuna mwaka kesho.

"Yule mtoto mimi ningempeleka hata leo," alisema Vedastus. "Hata sasa hivi, na nguo hizo hizo. Ningelala na mama yake sakafuni tukaacha kitanda kiuzwe." Akatazama buti zake. "Una bahati, Mama Filbert."

Angemwambia? Angemwambia kwamba bahati hiyo alikuwa anaiombea mabaya tangu asubuhi? Aliona kwamba mtu huyu na yeye wamekaa ubao mmoja siku nzima wakiwa na mioyo iliyogeuziana mgongo, na kila mmoja amepewa cha mwenzake. Alitafuta wa kumlaumu, akamkosa.

Filbert alikuja akikimbia, amezunguka wavu, magoti yametoka damu, na nyuma yake Mwalimu Eliona anajikokota na raba zake.

"Mama! Nilikusikia!" Alimshika mikono yote miwili pamoja na kikapu. "Unajua pale kwenye besi ya tatu miguu ilitaka kukataa? Nilikuwa nasema moyoni, nikifika huko na mama hataki, nitafika kufanya nini? Nikaona nisimame. Halafu nikasikia vigelegele vyako. Wewe mwenyewe! Nikajua umeniruhusu. Aisee mama, ndivyo vilivyonifikisha."

"Mimi," alisema Dominika. "Filbert, mimi..."

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu Eliona.

"Marahaba mwanangu."

"Wazazi wengi wanakuja hapa wamekunja uso, tunabembelezana mpaka giza. Wewe leo umenirahisishia kazi. Ila lazima nilisikie neno kwa mdomo wako, mama, ndivyo tulivyokubaliana."

"Mwalimu, vile vigelegele," alisema Dominika. Aliona aseme sasa hivi, au asiseme kamwe. "Mimi nilisikia mnamwambia nyumbani. Mimi nilifurahi kwa hiyo nyumbani."

"Ndiyo, mama!" Mwalimu Eliona alipiga makofi kwa raha. "Nyumbani! Umeona? Wewe mara moja tu umeelewa, kuna wababa hapa mwaka wa pili bado wananiuliza magoli yako wapi!"

Wakacheka wote. Filbert alicheka kupita wote, meno meupe katika uso wa vumbi, na Dominika aliutazama uso huo akaona haujawahi kuwa hivi. Siyo Krismasi, siyo siku ya kipaimara, siyo siku ng'ombe alipozaa pacha. Alitaka usizimike. Na alitaka ubaki Kilema. Yote mawili aliyataka kwa nguvu moja, na hakuona namna ya kuyaweka kwenye neno moja la kumpa mwalimu.

"Basi nitemee mate, mama," alisema Filbert. Alikuwa ameacha kucheka. Alivua kofia nyekundu, akapiga magoti pale pale kwenye chokaa. "Kama babu alivyomfanyia Evaristo alipokwenda Mwanza. Nataka mwalimu aone nimeruhusiwa kikwetu."

Kilema wazee hawamuagi mtu kwa maneno matupu. Anayekwenda mbali huinama, mkubwa wa nyumba humtemea mate kidogo utosini, mate ya baraka, ndipo humwambia nenda. Padre aliwahi kulikemea jambo hilo kanisani. Watu wakaitikia amina, wakaenda zao wakaendelea. Na baba mkwe wa Dominika, aliyewatemea wengi, alikuwa akisema kwamba mwenye kinyongo hata akijaribu hukaukiwa.

Dominika alikusanya mate. Hayakuja. Ulimi ulikuwa kama gome la mgomba mwezi wa kiangazi, umegandana na kaakaa. Alijaribu tena, mashavu yakaingia ndani, koo likapanda na kushuka, hakuna. Hakujua kama ni jua, au ni vile vigelegele, au ni lile alilokuwa akilisema mzee. Wachezaji waliobaki walianza kusogea, kofia mikononi. Filbert alisubiri.

"Nipeni maji," alisema kwa shida.

Aliyenyoosha chupa alikuwa Vedastus. Ilikuwa chupa ya Wilson, bado imejaa nusu, imeshinda juani. Dominika akapiga funda kubwa la maji ya uvuguvugu, na hakulimeza. Mashavu yalikuwa yamejaa, na angalau kwa muda huo hakuna aliyetegemea aseme neno. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe. Nywele zilikwaruza kwa vumbi, na chini yake utosi ulikuwa wa moto, unadunda, mahali pale pale palipokuwa pakidunda alipokuwa mchanga, kabla mfupa haujafunga. Filbert alifumba macho. Watu wote wakamsubiri.